Alizaliwa Wiki Ngapi?

Hotuba kwa wazazi na walimu, Kirumba, Mwanza, Novemba 2025

Mwangaluka, ndugu zangu! Nasikia nusu ya ukumbi imeitikia. Mlionyamaza, mliotoka Bukoba na Musoma, msijali, mtazoea. Wakubwa zangu, shikamooni. Na vijana mlioko nyuma, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nilipopigiwa simu nije kuzungumzia watoto njiti, hawa waliozaliwa kabla ya wakati, nilimwuliza mwenyekiti: njiti wa wodini, au njiti wa darasani? Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, kwani wako wa aina mbili?" Hapana, ni mtoto yuleyule. Ila wa wodini tunamjua. Tunamwombea, tunampiga picha, na siku anaporuhusiwa tunachinja kuku. Wa darasani hatumjui kabisa. Nimeshika chaki miaka 31 katika shule za msingi za mkoa huu, na leo nimekuja kumsemea huyo wa pili.

Naanza na deni langu.

Mwaka 1998, shule siitaji, nilikuwa na mvulana wa darasa la tatu aliyekaa dawati la karibu na dirisha. Mtoto mpole, hapigani, hapigi kelele. Nikiandika hesabu kumi ubaoni, wenzake wanamaliza, yeye yuko ya nne. Nikisema, "Toeni daftari, fungueni ukurasa mpya, andikeni tarehe," yeye ametoa daftari, kisha ananitazama kana kwamba maneno yaliyobaki yamepitia dirishani. Nilimchapa. Si mara moja. Na mwisho wa muhula nikaandika kwenye ripoti yake neno ambalo walimu wa rika langu tulilitumia kama chumvi: mvivu.

Mama yake alikuwa anauza dagaa soko la Mwaloni. Alikuja kuchukua ripoti akiwa na beseni lake, akalitua, akasoma, akaikunja ile karatasi mara nne. Akaniambia, "Mwalimu, huyu alizaliwa wa miezi saba. Tulimfunga kwenye pamba, tukamzungushia chupa za maji moto. Ungeuliza ungeambiwa." Nikamjibu kwamba miezi saba ilikwisha zamani, sasa mtoto ana miaka tisa. Nikaona nimejibu vizuri sana.

Haikuwa imekwisha. Ilinichukua zaidi ya miaka kumi, na mjukuu wangu mwenyewe, kulijua hilo.

Sasa tuhesabu pamoja. Mimba huhesabiwa wiki 40 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mtoto akizaliwa kabla wiki 37 hazijatimia, huyo ni njiti. Lakini njiti wamepishana. Yupo wa wiki 36, ambaye usipoambiwa humtambui. Yupo wa wiki 32. Na yupo wa chini ya wiki 28, anayetosha kwenye viganja viwili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa njiti milioni 13.4 duniani, karibu mtoto mmoja katika kila kumi. Hata tukiondoa waliofariki, na kwetu ni wengi, mwalimu mwenye darasa la watoto 80 hawezi kusema hana njiti darasani. Anao kadhaa. Hajawauliza tu.

Na tuache kuhesabu kwa miezi. Tangu nikiwa mdogo nimesikia wakina mama wakisema mtoto wa miezi saba ana nguvu kuliko wa miezi minane, eti wa saba "amekamilika" na wa nane "amekatishwa safari". Si kweli. Kila wiki inayoongezeka tumboni ni faida. Uskoti walichunguza kumbukumbu za wanafunzi zaidi ya 400,000, matokeo yakatoka mwaka 2010. Waliwapanga kwa wiki walizozaliwa, wakatazama nani anahitaji msaada maalumu shuleni. Kadiri wiki zilivyoongezeka ndivyo wahitaji walivyopungua, mpaka kufikia wiki 40. Hata wa wiki 37 na 38, ambao hatuwaiti njiti, walihitaji msaada kidogo zaidi kuliko wa wiki 40. Kwa hiyo wewe dada unayetaka upasuaji wako uwahishwe wiki mbili ili uangukie tarehe nzuri, na hakuna sababu ya kidaktari, fikiri tena.

Kwa nini wanawahi? Sababu nyingi mnazijua, sitazikalia. Shinikizo la damu la mimba, malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, mapacha, binti aliyebeba mimba naye bado mtoto. Kwetu Kanda ya Ziwa tuongeze upungufu wa damu, na humo kuna sikoseli, ambayo imejaa kanda hii, na kuna kichocho cha maji haya haya tunayoyatazama dirishani. Mama, hudhuria kliniki mapema, meza dawa za kukinga malaria unazopewa pale, na useme kama ulikua ukiogelea ziwani. Na mara nyingine sababu haionekani kabisa. Narudia kwa ajili ya mawifi na mama wakwe: haionekani. Msimtafutie mama wa watu kosa.

Nije kwenye ubongo, maana ndio uliotuleta.

Nenda Mwaloni asubuhi ukawatazame mafundi wa mitumbwi. Mbao zimeshapigwa misumari, umbo ni la mtumbwi, mpita njia atasema umekamilika. Fundi anajua bado. Anachukua nyuzi za pamba anazishindilia kwenye maungio, mbao kwa mbao. Wiki za mwisho za mimba ni kazi hiyo. Katika wiki ya 34 ubongo wa mtoto una uzito wa kama theluthi mbili tu ya utakaokuwa nao wiki ya 40. Ni katika miezi mitatu ya mwisho ndipo unapojikunja makunyanzi yake mengi, ndipo njia za mawasiliano kati ya sehemu na sehemu zinaposhonwa, na baadhi ya njia hizo zinaanza kuvishwa utando wa mafuta unaofanya ujumbe upite haraka. Mtoto akizaliwa wiki ya 28 au 30, kazi hiyo inaendelea, lakini inaendelea nje, kwenye mwanga, kelele, sindano, manjano ya mwilini, pumzi inayokatika na kurudi. Wengine wanavuja damu kidogo ndani ya ubongo, na chembe zinazotengeneza ule utando zinaumia kirahisi hewa ikipungua.

Mtumbwi ulioingia majini kabla maungio hayajazibwa vizuri si lazima uzame. Unaelea, unafika. Lakini aliyemo anapiga kasia kwa mkono mmoja na kuchota maji kwa mkono wa pili. Ukisimama ufukweni utasema, huyu mbona anakwenda polepole, mvivu.

Watafiti wamewafuata watoto hawa mpaka ukubwani. Ujerumani, katika jimbo la Bavaria, walianza na waliozaliwa mwaka 1985 na 1986. Uingereza na Ireland walichukua waliozaliwa mwaka 1995 kabla ya wiki 26, wakawapima tena na tena mpaka miaka 19. Pengo la utotoni kati yao na wenzao waliotimiza miezi lilikuwa bado lipo ujanani. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliounganisha tafiti nyingi za waliozaliwa mapema sana ulikuta kwamba kwenye kipimo cha akili, ambacho wastani wake ni 100, wao wako chini ya wenzao kwa kama alama 12 au 13. Kilichonishtua zaidi ni hiki: kati ya waliozaliwa mwaka 1990 na waliozaliwa 2008 pengo halikupungua, ingawa mashine na dawa za wodini ziliboreka sana katika muda huo. Tulijifunza kuwaokoa haraka kuliko tulivyojifunza kuwalea.

Subirini, naona sura zimebadilika. Mama mwenye kitenge cha bluu, usinune. Hizo ni wastani. Ukiambiwa sangara walioshushwa leo wana wastani wa kilo 3, hujajua uzito wa yule aliyeko kwenye beseni lako. Ndani ya takwimu hizo wamo njiti wanaowapita darasa zima, na wengi wako katikati kama watoto wengine. Tena tafiti hizo nyingi ni za nchi tajiri, ambako wa wiki 25 anaishi. Njiti wetu wanaofika shule wengi ni wa wiki 30 mpaka 36, na hao pengo lao ni dogo. Kule Kanada waliwafuata waliozaliwa chini ya kilo moja kati ya mwaka 1977 na 1982, na walipofika ujana wengi wao walikuwa wamemaliza sekondari, wako kazini au masomoni, na waliokuwa na wenza walikuwa karibu sawa na wenzao. Wenyewe walipoulizwa maisha yao yakoje, walijibu karibu sawa na wenzao. Waliokuwa na wasiwasi ni watu wengine.

Sasa walimu wenzangu, sogezeni viti. Hapa ndipo nyumbani kwangu.

Njiti wa darasani hafanani na mtoto ambaye mmezoea kuitwa kumshughulikia. Mtoto mkorofi mnamjua kabla ya wiki kwisha. Huyu hana fujo. Akili yake inatoka darasani kimyakimya, inarudi, inakuta somo limesonga, anaona aibu kuuliza. Mara nyingi ni mwoga wa wenzake na mwepesi wa kuwa na wasiwasi. Mkimya kwenye darasa la watoto 80 ni zawadi kwa mwalimu, ndiyo maana tunamwacha. Uingereza waliwauliza walimu maswali kuhusu watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wakakuta wanajua kidogo sana. Kama kule, kwenye madarasa ya watoto 30, ndiyo hivyo, sisi tusijilaumu kupita kiasi. Ila tusiendelee.

Kinachomsumbua zaidi ni mambo mawili yanayoshikana. La kwanza ni kasi. Anaelewa, lakini ubongo unachukua muda kufika. La pili ni kushika vitu kichwani wakati huohuo anavifanyia kazi. Chukua 47 jumlisha 38. Wewe unasema saba na nane kumi na tano, andika tano, moja mkononi. Hiyo "moja mkononi" ndiyo inayompotea. Anajua kujumlisha, anajua kubeba, lakini alipokuwa anaandika tano ile moja imedondoka. Ndiyo maana hesabu inawaumiza njiti kuliko kusoma. Unaweza kumkuta anasoma hadithi ya Kiswahili vizuri mpaka unamsifu, kisha kipindi kinachofuata anapata mbili juu ya kumi. Mwalimu asiyejua atasema, "Akili anayo, hataki tu." Mimi nilisema hivyohivyo.

Kunakili ubaoni ni mateso mengine. Anatazama neno, anainama, akifika kwenye daftari neno limeondoka, anainua kichwa tena. Wengine ni macho kabisa, maana hewa ya oksijeni ikizidi kwa mtoto aliyezaliwa na wiki chache inaweza kuharibu mishipa ya nyuma ya jicho, na njiti wengi huhitaji miwani. Wengine ni masikio. Kwa hiyo kabla hujaandika neno lolote kwenye ripoti ya mtoto, mpeleke apimwe macho na masikio.

Niwape pia neno la mtego wa kalenda, maana huu hata wazazi waliosoma hawauoni. Shule zetu zinafunguliwa Januari. Mjukuu wangu alizaliwa katikati ya Novemba 2009. Alitakiwa azaliwe mwishoni mwa Januari 2010. Mnaona? Kwa cheti cha kuzaliwa ni mtoto wa mwaka 2009, kwa ubongo wake ni wa mwaka 2010. Angeingia darasa la kwanza na kundi moja wakati tumbo la mama yake lilimpangia kundi lingine. Wauguzi wanapopima maendeleo ya njiti, kukaa, kutambaa, kusema, huondoa wiki alizowahi, na huendelea hivyo mpaka afike miaka miwili hivi. Shule haiondoi kitu.

Sisi tulimbakiza mwaka mmoja zaidi chekechea. Baba yake hakutaka, alisema mtoto atachekwa. Nikashinda mimi, kwa sababu nilikuwa mwalimu na nilikuwa na sauti kubwa. Baadaye nikasoma kwamba wale Wajerumani wa Bavaria walilichunguza jambo hilo pia, wakakuta kumchelewesha njiti shule, peke yake, hakukumsaidia. Waliocheleweshwa hawakuwa wamefanya vizuri zaidi. Mwaka wa ziada wa kukaa tu ni mwaka wa kukaa tu. Kwa hiyo mkwe wangu, kama uko hapa, na najua uko, pale karibu na mlango, nakuomba radhi hadharani.

Huyu mkwe nina habari yake nyingine. Mjukuu alizaliwa wiki ya 30, gramu 1,300. Binti yangu alikuwa anaishi ng'ambo, upande wa Sengerema. Chupa ilipasuka usiku. Kituo cha kwanza walichofika kilikuwa na gari la wagonjwa na dereva, mafuta hakuna. Wakapata pikipiki, wakafika Busisi, wakangoja kivuko mpaka alfajiri. Siku hizi mnapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni mwaka huu, mkipiga picha. Mimi nikipita pale nafumba macho. Mtoto alizaliwa huku mjini saa nne asubuhi, rangi ya bluu, analia kama paka.

Hapo ndipo nilipokutana na kangaruu, malezi ya kumbeba njiti kifuani. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari mmoja, Edgar Rey, aliishiwa mashine za joto, watoto wanalazwa wawili na watatu kwenye mashine moja wanaambukizana. Akawapa mama zao wawaweke kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Wakapona. Kilichoanza kwa kukosa mashine kikaja kuwa tiba yenyewe. Na sisi Watanzania tumo kwenye habari hiyo: utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukatoka mwaka 2021, ulionyesha kwamba mtoto akiwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza atulie kwenye mashine, vifo vinapungua kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaufanya kuwa mwongozo.

Binti yangu alimbeba mchana, mimi jioni. Usiku wa tatu binti akapata homa, nami nilikuwa na shinikizo la damu. Muuguzi akamtazama mkwe wangu, akamwambia, "Baba, vua shati." Alivua kama mtu anayeingia ziwani Julai. Alifungwa kitenge cha maua mekundu, njiti kifuani, akakaa anatazama ukuta, anaomba Mungu asipite mtu wa kazini kwake. Asubuhi nilimkuta amelala, mkono umeshika kichwa cha mtoto. Wiki mbili zilizofuata tulikuwa tunagombania zamu.

Sisemi hili kuwafurahisha. Wale wa Bogotá waliwatafuta watoto wao miaka 20 baadaye, wale waliobebwa kifuani na wale waliokaa kwenye mashine, wakawalinganisha. Waliobebwa hawakuwa watoro shuleni kama wenzao, papara na ukali vilikuwa vichache, na kwenye alama za akili waliozaliwa dhaifu zaidi walikuwa na faida ndogo iliyobaki mpaka ukubwani. Ndogo, sikuzi. Lakini kwa kitenge na kifua, faida ya miaka 20 mnaitaka kubwa kiasi gani? Pia kuna mambo ya dawa: sindano anayopewa mama kukomaza mapafu ya mtoto, na kaffeini anayopewa njiti anayesahau kupumua. Ndiyo, kaffeini, ileile iliyomo kwenye kahawa ya ndugu zetu wa Bukoba. Utafiti mkubwa ulionyesha kwamba waliopewa walipofika karibu miaka miwili walikuwa na ulemavu mchache wa viungo na wa maendeleo. Wahaya hapa msianze kushangilia, mtoto hapewi kikombe. Ni dawa, inapimwa.

Lakini mkiniuliza nyumbani kuna nini cha kufanya, nitasema maziwa ya mama na maneno. Ongea na mtoto. Muda wote, hata kama hajibu. Unakaanga sato, mwambie unakaanga sato. Mpe nafasi ya kujibu, kisha subiri kuliko unavyosubiri kwa mtoto mwingine. Kusubiri huko ndiko kugumu. Sisi watu wa huku tunamalizia watoto sentensi zao.

Na shuleni: toa agizo moja, lifanyike, ndipo utoe la pili. Usifute ubao haraka. Mwache awe na jedwali la kuzidisha juu ya dawati. Tunamfundisha kutatua hesabu, si kushindana na kumbukumbu yake. Mtihani wako wa wiki, mwongezee dakika kumi, mbona haugharimu serikali kitu. Mkalishe mbele. Mpime asubuhi, maana saa saba ameshachoka kuchota maji ya mtumbwi wake. Na ukiona ameanza kukosa hesabu darasa la pili, mshughulikie hapohapo, usingoje la nne, kwa sababu hesabu ni ngazi na yeye hana mkono wa akiba wa kujishikia.

Kuhusu kazini nitapita haraka. Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, amelipigia kelele jambo la likizo kwa miaka, na sheria za kazi zilirekebishwa mwaka 2025 ili mama aliyejifungua njiti aongezewe muda. Nashukuru. Ila mama wa yule mvulana wangu alikuwa anauza dagaa. Likizo yake angeandikiwa na nani? Anayelala wodini wiki sita mtaji unakwisha, akitoka anarudi mwaloni na mtoto mgongoni kwenye moshi wa samaki. Vikoba vyetu vinaweza kumwekea fungu huyu kuliko kununua sare za harusi. Nimesema, mtanichukia, sawa.

Yule mvulana nilimwona mwaka juzi. Ni fundi wa mitumbwi, anashindilia pamba maungioni, taratibu, na wavuvi wanamsubiri kwa foleni kwa sababu mtumbwi aliouziba yeye hauvuji. Nilimwomba radhi. Akacheka, akasema hakumbuki fimbo. Kisha akasema anakumbuka ripoti. Mama yake aliitunza, imekunjwa vilevile mara nne.

Mjukuu wangu sasa ana miaka 16, yuko kidato cha pili. Nilimwomba ruhusa ya kumtaja leo, akanipa kwa masharti. Jina lake nisilitaje, na nisimwite muujiza. Anasema muujiza hauulizwi unaendeleaje, unatazamwa tu. Tulimweleza habari yake yote alipokuwa na miaka 11, na kadi ya kliniki tukampa aishike. Aliisoma kwa muda mrefu, akaniambia, "Kumbe. Mimi si mjinga, Bibi, mimi nahesabu polepole." Nilikuwa mwalimu wa hesabu miaka mingi na sikuwahi kulisema vizuri hivyo. Leo anatumia kengele za simu kukumbuka mambo, anaandika kila hatua ya hesabu pembeni ya karatasi, na Fizikia inamtoa machozi. Anataka kuwa mkunga.

Mmeona karatasi zilizoko kwenye meza ya mlangoni, karibu na chai. Ni fomu ya kuandikisha mtoto ambayo mwalimu mkuu wa shule hii amekubali tuijaribu kuanzia Januari. Tumeongeza mstari mmoja tu, chini ya tarehe ya kuzaliwa: alizaliwa wiki ngapi? Asiyejua aandike hajui, asibuni. Mwenye kadi ya kliniki aje nayo, hata kama imeliwa na mende.

Sasa maswali. Mama mwenye kitenge cha bluu, umenyoosha mkono tangu nilipotaja ile moja ya mkononi. Anza wewe.